Darasa la Ramadhani, Siku ya 12: Sukari ya Futari na Kumbukumbu ya Kichwani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, mama zetu, wazee wetu na vijana wetu, mlioko Sumbawanga mjini na mlioko Laela, Mpui, Matai, Namanyere na kule bondeni Muze. Alhamdulillah, kumi la kwanza tumelimaliza kwa uzima, sasa tuko ndani ya kumi la pili. Mwenyezi Mungu atukubalie.

Leo tuongee jambo ambalo liko kwenye mkeka wetu kila Magharibi: sukari. Siyo sukari na meno, hilo watoto wameshafundishwa shuleni. Wala siyo sukari na ugonjwa wa kisukari peke yake. Leo ni sukari na akili. Yaani sukari na ile sehemu ya kichwa inayohifadhi Qur'ani, majina ya wajukuu, deni unalodaiwa dukani, na njia ya kurudi nyumbani.

Wengi tunajua aya ya 31 ya Suratul A'raf, ile inayoturuhusu kula na kunywa lakini ikatukataza israfu. Tukiisikia tunafikiria sherehe za matajiri. Ila israfu inaweza kuwa ndogo kabisa, ikaingia kwenye kijiko cha chai. Hebu tulitazame taratibu.

*1. Ubongo unakula nini?*

Ubongo ni mdogo. Kwa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili. Lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote ambayo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Na chakula chake kikuu ni glukosi, sukari iliyomo kwenye damu. Kwa siku moja ubongo unatumia gramu 120 hivi.

Hapo mtu anakwambia, "Si umeona sasa! Ubongo unataka sukari, niongezee kijiko." Subiri kwanza ndugu yangu. Glukosi hiyo mwili unaitoa kwenye ugali, wali, viazi, maharage, ndizi, hata kwenye maziwa. Tumbo linavunja chakula pole pole, damu inapata glukosi yake kidogo kidogo. Huhitaji hata kijiko kimoja cha sukari ya dukani ili ubongo ufanye kazi. Babu zetu wa Ufipa walilima ulezi na maharage, wakahesabu ng'ombe na kukumbuka koo zao vizazi na vizazi, na sukari ya mfuko walikuwa hawaijui.

Na ukifunga je? Mwenyezi Mungu amekuwekea akiba. Ini linahifadhi kama gramu 100 za sukari, linaitoa mwili unapoihitaji. Akiba ikipungua mchana, ini linatengeneza glukosi nyingine lenyewe, na mwili unaanza kuchoma mafuta yake. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya anafika Magharibi akiwa na njaa na uchovu, lakini akili yake ipo.

*2. Saa moja baada ya kufuturu*

Sasa adhana imeadhiniwa. Nje mvua ya Machi inanyesha na baridi ya huku juu tunaijua. Nyumba nyingi zinaanza hivi: tende, uji wenye sukari, glasi ya juisi ya ukwaju au ya unga wa pakiti, kaimati zilizochovywa kwenye shira, tambi za sukari, halafu chai. Vyote vitamu, vyote vinaingia tumboni ndani ya robo saa, na tumbo lilikuwa tupu tangu alfajiri.

Sukari ya kunywa haina nyuzinyuzi za kuichelewesha. Inakimbilia damuni. Kongosho linamwaga insulini kwa wingi ili kuiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Baada ya hapo, kwa wengine, sukari inashuka haraka kama ilivyopanda.

Watu wengi wanaamini sukari inachangamsha. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza na Ujerumani walikusanya matokeo ya tafiti 31 wakaulizana swali hilo hilo. Hawakuona kwamba sukari inachangamsha. Waliona kinyume chake: ndani ya nusu saa watu walijisikia wachovu zaidi, na ndani ya saa moja umakini wao ulikuwa chini kuliko wa wale ambao hawakupewa sukari.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Umefuturu, umeswali Magharibi, umekula tena, ukaenda Isha. Umakini unashuka wakati gani? Imamu anapoanza Tarawehe. Kichwa kizito, macho yanafumba, juzuu inasomwa na wewe hujui imefika wapi. Tunasema shetani amefungwa mwezi huu, basi huyu anayetulaza kwenye safu ni nani? Mara nyingine ni glasi mbili za juisi.

*3. Kumbukumbu inakaa wapi?*

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iliyopinda inayoitwa hipokampasi. Kazi yake kubwa ni kupokea jambo jipya na kuligeuza kuwa kumbukumbu ya kudumu. Mtoto akisomeshwa aya leo madrasa na kesho akaisoma bila kuangalia, hipokampasi imefanya kazi. Mama akikumbuka alipoweka ufunguo, ni hiyo hiyo. Mzee akitoka msikitini akafika kwake bila kuuliza, ni hiyo hiyo.

Sehemu hii inanolewa kwa kutumika. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na aliyekaa kazini miaka mingi zaidi ilizidi kuwa kubwa. Kwa hiyo ewe kijana unayehifadhi juzuu Amma, na wewe mama uliyeanza kuhifadhi ukiwa na miaka hamsini, msikate tamaa.

Lakini kinachonolewa kinaweza pia kubutuliwa. Hipokampasi ni miongoni mwa sehemu za ubongo zinazodhurika mapema kwa ulaji mbaya. Huko Sydney, Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie walichukua vijana 110, wazima, siyo wanene. Nusu yao wakaendelea na chakula chao cha kawaida. Nusu nyingine wakala kwa wiki moja chakula chenye sukari na mafuta mengi. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Wiki moja tu, na kundi la pili likafanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kujifunza na kukumbuka. Tena walitamani vitu vitamu hata wakiwa wameshiba.

Tuwe waadilifu: chakula kile kilikuwa na mafuta pia, siyo sukari peke yake. Lakini kaimati zetu je? Si ni unga, mafuta na sukari?

Na hilo la kutamani ukiwa umeshiba lina maana kubwa kwa mfungaji. Hipokampasi inasaidia pia kukukumbusha kwamba umeshakula, inatosha. Ikilegea, breki imelegea. Saumu inatufundisha breki mchana kutwa, halafu usiku tunaikata wenyewe.

*4. Miaka inapopita*

Hayo ni ya wiki moja. Ya miaka ishirini je?

Sukari ikizidi kila siku, uzito ukaongezeka na mwili hauna shughuli, insulini inaanza kutosikilizwa. Sukari inabaki damuni. Ikikaa juu kwa muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu: ya macho, ya figo, ya miguu, na ya ubongo. Watu wanajua kisukari kinapofusha na kinakata miguu. Wachache wanajua kwamba kinaongeza pia hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, ule madaktari wanaouita dimensia.

Huko Seattle, Marekani, wazee 2,067 walifuatiliwa kwa miaka karibu saba, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Hata kwa wazee wasio na kisukari, wale ambao wastani wa sukari yao ya damu ulikuwa 6.4 walikuwa na hatari ya dimensia iliyozidi kwa asilimia 18 ukiwalinganisha na wa 5.5. Hiyo haimaanishi kila mwenye sukari ya 6.4 atasahau. Inamaanisha madhara yanaweza kuanza kabla daktari hajakuambia una kisukari.

Usiseme haya ni ya Wazungu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 hapa Tanzania, kati ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, asilimia 9 walikuwa na kisukari, yaani mmoja katika kila kumi na moja. Hesabu safu moja ya msikitini kwetu ujionee. Na dimensia ipo vijijini kwetu pia: wazee wa miaka 70 na kuendelea walipopimwa katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, takriban sita katika kila mia walikuwa nayo.

*5. Mzee akianza kusahau*

Hapa naomba tusimame kidogo, maana jambo hili linagusa damu za watu.

Mama mzee ameanza kurudia swali lile lile mara tano. Anaamka usiku anafungua mlango. Anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Siku moja anakutwa amesimama nyuma ya nyumba ya jirani, hajui amefikaje. Nini kinafuata huku kwetu? Unajua. Wanaanza kunong'ona. Nchi hii wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa minong'ono ya namna hiyo.

Jina la mji wetu lenyewe, kwa maelezo yanayojulikana na wengi, limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi. Basi tuutupe kweli. Mzee anayesahau ni mgonjwa, na mgonjwa anapelekwa hospitali. Apimwe sukari, apimwe presha, apimwe damu na macho na masikio. Kusahau kuna sababu nyingi: sukari kupanda au kushuka, kiharusi kidogo kilichopita bila kelele, maambukizi, upungufu wa damu, huzuni ya kufiwa, hata dawa anazotumia. Nyingine zinatibika kabisa.

Na kumsingizia mtu jambo usilo na ushahidi nalo ni dhambi mwezi wowote, sembuse huu. Ukimsikia mtu anamnong'ona bibi wa jirani, mwambie bila kuogopa: "Tumpeleke akapimwe." Huenda neno hilo moja likaokoa nafsi.

*6. Sukari ikishuka*

Upande wa pili nao tuujue. Ubongo ukikosa glukosi unachanganyikiwa ndani ya dakika chache. Hili linawapata hasa wagonjwa wa kisukari wanaotumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge, wakafunga bila kumuuliza daktari.

Dalili zake: anatetemeka, jasho baridi linamtoka, moyo unaenda mbio, anakasirika bila sababu, anaongea maneno yasiyoeleweka, anapepesuka. Watu wanasema amepandwa na jini, wanaanza kumsomea huku wamemshikilia chini. Ndugu zangu, kisomo ni kheri, lakini kwanza mpe sukari! Vijiko vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri robo saa, mpime tena kama kipimo kipo. Akiwa hana nafuu, rudia na mumpeleke hospitali. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Mgonjwa wa kisukari anayefunga anatakiwa kupima wakati wa saumu. Wanazuoni wengi wamesema kutoboa kidole kwa ajili ya kipimo hakubatilishi saumu. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au imepanda kupita 16.6, fungua, usisubiri adhana. Suratul Baqara aya ya 184 na 185 zimempa mgonjwa ruhusa, siku nyingine zipo, na asiyeweza kabisa ana fidia. Ruhusa ya Mola wako siyo aibu. Kujiangamiza ukaita ni ibada, hilo ndilo la kuogopa.

*7. Watoto wetu wa madrasa*

Rukwa tuna mahindi, maharage, ulezi, mpunga wa bondeni, samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mikoa mingine inanunua kwetu. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa siyo ufupi tu. Ni ubongo ambao haukupata vifaa vya kujengea katika miaka ya kwanza: protini, madini ya chuma, madini joto, mafuta mazuri.

Uji mweupe wa sembe wenye vijiko vitatu vya sukari unamtuliza mtoto, ananyamaza, analala. Lakini umempa nguvu bila vifaa. Ni sawa na kumlipa fundi posho halafu humletei tofali. Atakaa tu.

Wanaotoa sadaka wananisikia? Mwezi huu tunagawa mifuko: mchele, unga, mafuta, tende, na sukari kilo mbili au tatu. Mwenyezi Mungu awalipe. Ila fikirieni: nusu ya pesa ya ile sukari ikinunua dagaa, karanga au maharage, mtoto wa yatima amepata tofali. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchini, bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo sehemu nyingi, tulipanga foleni kuitafuta. Maharage yalikuwa yamejaa sokoni, hakuna aliyeyapangia foleni.

*8. Dawa iko ghalani kwetu*

Msidhani nataka mnunue vyakula vya ajabu. Mwezi wa Aprili 2025 ulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, mkoani Kilimanjaro, na watafiti wa KCMC pamoja na wenzao wa Uholanzi. Walihusika wanaume vijana 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili kijijini wakapewa chakula cha kisasa kwa wiki mbili: mikate, chipsi, soseji na kadhalika. Waliozoea chakula cha mjini wakapewa chakula cha asili: maharage, mboga, ndizi, nafaka kama ulezi.

Wiki mbili tu. Waliohamia chakula cha kisasa damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaohusishwa na magonjwa ya muda mrefu, na kinga yao ikalegea dhidi ya vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili dalili hizo zikapungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa yapo bado wiki nne baadaye. Utafiti ule haukupima kumbukumbu. Lakini uvimbe huo wa ndani ni mojawapo ya njia ambazo ulaji mbaya hufika hadi kwenye ubongo.

Umeona? Ulezi. Ule ulezi wa Ufipa ambao siku hizi wengine wanauona chakula cha kimaskini. Kisaga cha ulezi kwenye uji, karanga zilizotwangwa ndani yake, maziwa kidogo. Ukiwa na karanga na maziwa, uji hauhitaji vijiko vitatu.

*9. Hesabu ya kilo moja*

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikibaki gramu 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi. Kwa hiyo mpaka ni vijiko 12, na pazuri zaidi ni 6. Mtoto ni chini ya hapo. Asali, sukari guru na juisi zote zinahesabiwa humo. Asali Qur'ani imeisifu kuwa ina shifaa, ni kweli, lakini dawa huwa ina kipimo. Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo, na tende nayo ni tunda zima.

Nani atapima gramu jikoni? Hakuna. Basi tumia njia hii. Andika tarehe unayofungua kilo moja ya sukari, na tarehe inayoisha. Kwa nyumba ya watu watano:

▪️ Ikidumu siku 8 au zaidi, mko pazuri.
▪️ Ikiisha siku ya 4, mko mpakani.
▪️ Ikiisha kabla ya siku ya 4, mmevuka.

Mkiwa kumi, mnatakiwa kuhesabu kilo mbili. Na hapo soda bado. Soda nyingi za aina ya kola zina gramu 10 hadi 11 katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ya mililita 350 ni kama vijiko tisa. Soma lebo, imeandikwa.

*10. Tuanze leo jioni*

1️⃣ Fungua kwa tende moja hadi tatu na maji, kama ilivyokuwa kawaida ya Mtume (s.a.w.) kufungua kwa tende, na asipopata, kwa maji. Swali Magharibi. Kisha rudi ule chakula. Dakika zile kumi zinaupa mwili nafasi ya kutambua kwamba chakula kimefika.

2️⃣ Chagua kitamu kimoja tu kwa futari. Kama leo ni tambi za sukari, basi chai iwe na kidogo na juisi isubiri kesho.

3️⃣ Punguza nusu kijiko kila baada ya siku tatu. Zimebaki siku kama 18. Aliyekuwa anaweka vijiko vinne kwenye kikombe, siku ya Idi atakuwa kwenye kijiko kimoja, na ulimi utakuwa umeshazoea. Ukikata ghafla utarudia.

4️⃣ Chai ya tangawizi, mdalasini, iliki au mchaichai ina ladha yake. Sukari nyingi inaizika.

5️⃣ Daku isiwe chai na maandazi. Kula dona au viazi na maharage, yai ukijaaliwa, dagaa, mboga. Chakula hicho kinatoa glukosi pole pole hadi mchana.

6️⃣ Kumbuka mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ya theluthi: sehemu ya chakula, sehemu ya maji, sehemu ya pumzi. Baada ya Tarawehe tembea kwa miguu kurudi nyumbani. Misuli inayotembea inakunywa sukari ya damu.

7️⃣ Kila mwenye miaka 40 na kuendelea, na kila mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, apime kabla ya Idi. Zahanati na vituo vya afya vipo. Mchukue mzee wako umpeleke, usimtume peke yake.

Akina mama, neno moja. Mara nyingi lawama za jikoni zinaangukia kwenu, na hiyo siyo haki. Baba ndiye anayerudisha kikombe akisema chai haina utamu, watoto wanamwiga. Baba wa nyumba akipunguza kijiko chake mbele ya watoto, kazi yako imekuwa nyepesi. Na mgeni akija msimjaribu kwa vijiko. Wekeni bakuli la sukari pembeni, kila mtu atie yake. Siyo uchoyo.

Wapo pia ndugu zetu ambao futari yao yote ni kikombe cha chai na kiazi kimoja. Darasa hili halikuja kuwanyang'anya kijiko chao. Limekuja kumkumbusha jirani yao apeleke maharage.

Sukari siyo haramu na hatuwezi kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini akili ni amana, na ndiyo inayobeba ibada yote: asiye na akili timamu kalamu imenyanyuliwa kwake. Wewe bado unayo. Ilinde ili uzeeni ukumbuke Al-Fatiha yako, rakaa zako na majina ya waliokufanyia wema.

*Kazi ya leo:* ukifika nyumbani ulizeni kilo ya sukari ilifunguliwa lini. Andikeni tarehe kwenye mfuko. Siku ikiisha tuleteeni jibu hapa, bila majina, idadi ya watu na idadi ya siku tu. Siku ya 27 inshaAllah tutaangalia pamoja.

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu wazee wetu, wafungulie watoto wetu vifua vyao kwa Qur'ani, na utuepushe na israfu ndogo na kubwa. Amin.

Mtumie na mwenzako asiyekuwepo humu. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.